Meya, miji dada na wakazi wasioelewana

Meya wetu amesaini makubaliano na jiji la nchi ya nje. Kwani yeye ndiye serikali?

Siye. Makubaliano ya miji dada, yaani miji ya nchi tofauti iliyofunga urafiki, si mkataba kati ya nchi na nchi; yanabebwa na heshima na bajeti tu. Hata hivyo madiwani wayasome kifungu kwa kifungu kabla ya wino kukauka. Hati ya Prague na Beijing ya mwaka 2016 ilikuwa na kifungu kinachoitambua Taiwan kuwa sehemu ya China. Meya wa Prague wakati huo, Zdeněk Hřib, alitaka kiondolewe, Beijing ikakataa, na 2019 urafiki ukafa. Suala la wizara ya mambo ya nje lilitafuta nini humo?

Jiji dada letu limepitisha azimio la kuwabagua baadhi ya wakazi wake. Tuvunje?

Nieuwegein ya Uholanzi ilivunja na Puławy ya Poland mwaka 2020, kwa sababu ya msimamo wa Puławy dhidi ya mashoga na wasagaji. Hasira hiyo naielewa. Mimi ningeanza na barua ya wazi, kisha ningesimamisha ziara za viongozi na kuwaacha wanafunzi na vikundi vya wakazi waendelee kutembeleana. Ukikata kila kitu, wanaobaguliwa ndio wanaobaki bila mgeni wa kuwajulia hali. Coventry, iliyobomolewa na ndege za Ujerumani mwaka 1940, ilifunga udugu na Dresden, jiji la Ujerumani, mwaka 1959. Ingesubiri mpaka wote wakubaliane kuhusu vita, ingekuwa inasubiri hadi leo.

Na wakazi wetu wenyewe wakigawanyika?

Hapo ndipo pagumu. San Francisco ilipokea sanamu ya kuwakumbuka wanawake waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani. Jamii za Wachina na Wakorea ziliipigania. Baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Japani waliogopa chuki. Osaka ya Japani, dada yake tangu 1957, ikajitoa mwaka 2018. Naona San Francisco haikukosea: jiji haliwezi kuficha kumbukumbu za wakazi wake ili kumridhisha rafiki wa mbali. Ila meya awasikilize wenye hofu kabla ya kura, maana kuwaita baada ya uzinduzi ni kuwapa taarifa tu.

Hizi ziara si utalii wa waheshimiwa?

Nyingine ndiyo. Dai ripoti ya ziara iliyopita kabla madiwani hawajapitisha fedha za ijayo, na siku ya kikao hicho nenda ukakae ukumbini.