PS2 ya mtumba: iwashe kwanza ndiyo utoe pesa

Ndugu yangu, umeuliza kama PS2 (PlayStation 2, mashine ya kuchezea gemu) ya mtumba uliyoiona sokoni Darajani, Zanzibar, inafaa kumnunulia mwanao. Inafaa, lakini kwanza igeuze usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa ilitengenezwa kwa soko la Japani huenda imeandikwa volti 100 tu, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka hivihivi bila transfoma utaiunguza, na pesa imekwenda. Tena PS2 ya Japani haikubali diski za gemu za soko la Ulaya.

Nenda na diski yako ya gemu, iache icheze hata nusu saa palepale dukani. Lenzi inayosoma diski ndiyo huchoka mwanzo, na hewa yetu ya chumvi haiisaidii. Muuzaji akikataa kuwasha, ondoka. Memori kadi ya MB 8, ya kuhifadhia mchezo ulipofikia, idai ndani ya bei hiyohiyo, mtoto asianze mchezo upya kila siku.