Maswali ya wasomaji: Ned, Jaime na visima vya Ugogo

Mbukwenyi wasomaji wangu. Tangu niandike kuhusu A Song of Ice and Fire, riwaya za Mmarekani George R. R. Martin, maswali hayajakoma. Mengine yametumwa usiku wa manane, na naelewa kwa nini. Leo najibu sita. Angalizo: nitataja nani anakufa, kwa hiyo ambaye hataki kuvunjiwa uhondo aiweke safu hii kando kwanza.

Shikamoo mama. Nasoma chuo hapa Dodoma. Nimefika ukurasa wa tisini wa kitabu cha kwanza na majina yamenishinda. Niache?

Marahaba mwanangu. Usiache. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya koo zote. Weka kipande cha karatasi hapo uwe unarudi haraka. Halafu angalia vichwa vya sura. Kila sura ina jina la mtu mmoja, na mambo yote tunayaona kwa macho yake. Ukiacha dibaji, kitabu cha kwanza kina watu wanane tu wa namna hiyo. Washike hao wanane, wengine watajileta wenyewe. Mimi ukoo wa Stark niliuandika kwa penseli ndani ya jalada, kama tunavyoorodhesha watu kwenye kikao cha mirathi: baba, mama, watoto watano, na Jon, mtoto wa nje, ambaye siku ya karamu hakuketi na wenzake.

Nilikuwa kwenye treni ya SGR natoka Dar nilipofika sura ya kifo cha Ned Stark. Nikafunga kitabu, nikalia mpaka jirani yangu wa kiti akaniuliza nimefiwa na nani. Kwa nini mwandishi amuue mtu mwadilifu kuliko wote? Sioni sababu ya kuendelea.

Pole sana. Hauko peke yako. Nakala yangu nilimwazima jirani hapa Area C, ikarudi na doa la zambarau kwenye sura hiyohiyo. Alikuwa anakula zabibu huku anasoma, moja akaisahau kati ya vidole, na upanga uliposhuka akaiponda. Doa lipo mpaka leo, limepenya kurasa tatu.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuone kinachomuua Ned, yule baba wa ukoo wa Stark. Amegundua kwamba watoto wa Malkia Cersei si wa Mfalme Robert. Kabla ya kumwambia mfalme, anamwendea Cersei mwenyewe, anamwambia achukue watoto wake akimbie, maana anaogopa Robert atawafanya nini watoto wale. Ni huruma tupu. Na muda ule aliompa, Cersei anautumia kummaliza. Baadaye, akiwa gerezani, Ned anakubali kukiri mbele ya watu uhaini ambao hakuufanya, ili binti yake Sansa apone. Anakiri, na kijana Joffrey, mwana wa Cersei aliyerithi ufalme, anaamuru akatwe kichwa vilevile.

Kwa hiyo mara mbili anayumba, na mara zote mbili ni kwa ajili ya watoto. Huwezi kumnyooshea kidole Ned bila kujiuliza kama wewe ungewaacha watoto wa Cersei wauawe. Swali hilo ndilo linalotutoa machozi, kuliko upanga wenyewe.

Na kilio hiki si kigeni kwetu. Fumo Liyongo hakuuawa na jeshi. Mwanawe wa kumzaa alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini, kwa kuwa mtawala wa Pate alimwahidi binti yake. Liyongo akajikokota mpaka kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo hivyo, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Hakuna aliyeutupa utenzi ule kwa sababu shujaa amekufa. Ninachotamani siku zote ni kusikia habari kwa upande wa yule kijana. Alikaa vipi usiku ule, sindano mkononi, akisikiliza pumzi za baba yake? Martin angempa sura nzima. Endelea kusoma.

Habari za siku nyingi dada. Nilimchukia Jaime Lannister, pacha wa Malkia Cersei, tangu alipomsukuma dirishani Bran, mtoto wa Ned. Sasa niko kitabu cha tatu na namhurumia. Mume wangu anasema vitabu hivi vinanifundisha kutetea waovu.

Nzuri dada yangu. Msalimie shemeji, na umwambie Bran bado hatembei. Martin hafuti la kwanza kwa la pili. Vitabu viwili tulimwona Jaime kwa macho ya waliomchukia; cha tatu ndicho kinachompa sura zake, na humo anakatwa mkono wa upanga. Kisha, ndani ya bafu la ngome ya Harrenhal, homa imempanda, anamweleza Brienne, mwanamke mpiganaji anayemsindikiza, kwa nini alimuua Mfalme Aerys, aliyetawala kabla ya Robert: mfalme alikuwa ameamuru mji mzima uteketezwe na watu wake ndani. Miaka yote watu wanamwita Muua Mfalme, naye hakuwahi kujitetea. Mwokozi wa mji na aliyemlemaza mtoto ni mtu mmoja, na huruma yako haimwondolei hatia hata tone.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Nilipoanza kusoma habari za wasafiri wa Kizungu waliopita Ugogo, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, nilikuta Wagogo wamelaumiwa kwa ukorofi na uchoyo kwa sababu ya kudai hongo. Leo hongo ni rushwa, lakini wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, unalipwa kwa nguo, shanga na waya. Nilisoma, nikaona aibu kwa niaba ya watu wetu.

Sasa andika sura yenye jina la mtemi wa Ugogo. Ni Oktoba, mvua bado. Kisima kimechimbwa kwa mikono ya watu wake na ng'ombe wanasubiri zamu. Unatokea msafara wa mamia ya watu, wana bunduki, wote wana kiu na njaa. Akidai doti kadhaa za nguo kabla hawajanywa, ni mchoyo huyo? Andika na sura ya mpagazi wa Kinyamwezi, anayekaa juani siku nzima wakubwa wakibishana bei, wala si yeye anayekataa kulipa. Aibu yangu iliisha hapo. Hasira haikuisha, ila sikuweza tena kuirusha upande mmoja tu.

Mwanangu ana miaka kumi na mitatu, amesikia habari za madragoni, yale majoka yanayotema moto, anavitaka vitabu hivi. Nimpe?

Hapana, mama. Kuna ubakaji, kuna mateso ya mwili yanayoelezwa kinaganaga. Asubiri akue. Kwa sasa mpe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Majini yamo, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na Adili anayelazimika kuwachapa kila usiku wakati moyo wake unamuuma. Muulize akimaliza: wewe ungeshika mjeledi?

Kwenye jumuiya yetu mmoja amesema kusoma habari za uchawi ni kuukaribisha nyumbani.

Mwombe asome sura ambayo Daenerys, binti wa yule Mfalme Aerys, anamwendea mchawi ili mumewe Drogo asife. Mtoto aliye tumboni anapotea, na Drogo anabaki mwili unaopumua tu, hamjui mkewe. Simjui aliyemaliza sura ile akatamani mganga.

Kitabu cha sita hakijatoka. Kwa nini nianze hadithi isiyo na mwisho?

Cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha tano 2011, na tamthilia ya televisheni ilijimalizia yenyewe mwaka 2019. Subira hii inauma, nami nimo. Lakini anza. Daenerys anawakomboa watumwa wa Astapor, anaondoka, na nyuma yake mji unashikwa na mchinja nyama anayeurudisha utumwa kwa mlango mwingine. Akiwa malkia wa Meereen, watu wanakuja kudai fidia ya kondoo walioliwa na madragoni wake. Wa mwisho ni baba mmoja. Anamwaga mifupa iliyoungua sakafuni, na si ya kondoo, ni ya binti yake mdogo. Daenerys, mama wa madragoni, anawafungia wawili shimoni, na wa tatu hakamatiki. Yule mzee nimeishi naye miaka, na wala hajaninyima usingizi kwa sababu kitabu cha sita hakipo. Ananinyima kwa sababu sijui ningemjibu nini.