Zawadi ikifika mezani kwako, uliza kwanza ni nani aliyeileta

Vijana wanaoajiriwa katika ofisi za serikali huniuliza swali moja kuhusu zawadi: naruhusiwa kupokea ya shilingi ngapi? Nimefanya kazi ya ununuzi katika serikali ya kaunti hapa Kenya kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba swali hilo lisubiri. Kwanza jiulize aliyeileta ana shughuli gani mbele yako. Je, zabuni yake inatathminiwa? Anadai malipo? Anasubiri leseni? Kama ana jambo lolote linalopitia mikononi mwako, bei ya zawadi haina maana tena. Hata kilo mbili za sukari mrudishie.

Sheria tuliyolelewa nayo kazini, ile ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012, ilipangwa hivyo hivyo. Kifungu cha 14 kiliruhusu zawadi ya heshima anayopewa afisa kwa wadhifa wake, mradi isivuke mipaka ya adabu na ukarimu wa kawaida, isiwe pesa, na isizidi thamani iliyowekwa na kanuni. Papo hapo kikakataza zawadi kutoka kwa mtu mwenye maslahi yanayotegemea wewe kuifanya kazi yako au kuacha kuifanya. Vito na pembe za ndovu vilitajwa waziwazi kuwa havipokelewi. Na usidhani haya yaliwahusu magavana na mawaziri peke yao, maana kifungu cha 52 kiliyafikisha kwa kila mtumishi wa umma, karani na dereva wakiwemo. Mwaka 2025 tukapata Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyofuta ile ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003. Itafute uisome mwenyewe. Usitegemee vitini vya semina ya zamani.

Katiba nayo, Ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla rasmi ni ya Jamhuri. Kwa hiyo saa ya ukutani mliyopewa na wageni inabaki ofisini, haiendi sebuleni kwa mtu.

Desemba ndio mwezi mgumu kuliko miezi yote. Mwaka mmoja mlinzi wa lango aliniletea kikapu: mafuta ya kupikia, mchele, majani ya chai, keki iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta, na kadi yenye nembo ya kampuni. Kampuni hiyo ilikuwa imeleta zabuni ya vifaa vya ofisi, na mimi nilikuwa katibu wa kamati ya kutathmini. Sikukifungua. Niliwaita wenzangu wawili washuhudie, nikakiandika katika rejista ya zawadi, kisha nikampigia simu mkurugenzi wa kampuni hiyo atume mtu akichukue. Alisikitika, akasema ni Krismasi tu, hana nia mbaya. Nikamjibu, "Naamini, mzee wangu. Lakini mshindani wako akishindwa ana siku 14 za kwenda kulalamika kwenye Bodi ya Rufaa ya ununuzi. Akiuliza habari za kikapu hiki nitamwambia nini?" Dereva wake alikuja jioni, akatia sahihi kwamba amekipokea.

Rejista hiyo ndiyo kinga yako, kwa hiyo iandike vizuri. Weka tarehe, jina la aliyeleta na kampuni yake, kitu chenyewe, thamani kwa makadirio, shughuli aliyo nayo na ofisi yenu, na mwisho kilichofanyika: kimerudishwa, kimekabidhiwa ofisi, au kimepokelewa kwa idhini ya nani. Fanya hivyo siku ile ile. Kama ofisi yenu haina rejista, mwandikie barua afisa mkuu wa idara uiombe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wengi huona haya kuandika barua kama hiyo. Usione haya.

Pagumu kuliko pote ni msibani. Baba yetu alipofariki, kundi la WhatsApp lilifunguliwa usiku ule, namba ya M-Pesa ya mweka hazina ikasambazwa, na kabla ya mazishi mwanakandarasi mmoja aliyekuwa anadai malipo kwetu akatuma pesa nyingi kuliko ndugu wengi. Nilimwomba mweka hazina amrudishie kwa namba ile ile, na nikahifadhi ujumbe. Kaka yangu mkubwa alikasirika sana. "Mtu amekuja kutufariji, nawe wamfukuza?" Nilimwambia hatumfukuzi. Aje matangani, akae na watu, ale, amzike mzee pamoja nasi. Lakini hundi yake itakapofika mezani kwangu, nataka niipitishe au niikatae kwa sababu ya kazi aliyofanya barabarani, si kwa sababu ya jeneza la baba. Ilituchukua muda kuelewana. Ndiyo maana nakuambia uzungumze na jamaa zako mapema, wakati hakuna msiba wala harusi. Waambie wasipokee karo, tikiti wala mchango kutoka kwa wanaofanya biashara na ofisi yako. Anayetaka kukufikia hupitia kwa mkeo, mumeo au mtoto wako, akijua hapo moyo ni laini.

Kabla ya zawadi mara nyingi huwa kuna mazungumzo. Mtu anaomba dakika tano, mnywe chai, akueleze kwa nini masharti ya zabuni yangefaa kubadilishwa. Kusikiliza si kosa, na wafanyabiashara wana haki ya kusema. Kosa ni kusikiliza kwa siri. Nchini Chile, sheria ya mwaka 2014 inawalazimu viongozi kutangaza hadharani mikutano yao na washawishi, safari zao za kikazi na zawadi walizopokea. Naitamani sheria hiyo kwetu. Wakati tunaisubiri, nunua daftari. Kutana na watu ofisini, ukiwa na mwenzako, na uandike nani alikuja, kwa niaba ya nani, na aliomba nini. Mwaliko wa warsha katika hoteli ya Mombasa unaolipiwa na msambazaji uandike humo humo, pamoja na jibu lako la kukataa.

Na bosi wako akipokea, je? Hapo watu hunyamaza, nami naelewa hofu yao kwa sababu nimeiona. Lakini Sheria ya Hongo ya 2016, kifungu cha 14, inamtaka kila afisa wa umma anayejua au kushuku hongo airipoti kwa EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, katika muda wa saa 24. Kifungu cha 21 kinamlinda anayeripoti, na unaweza kuripoti bila kutaja jina lako. Usizungushe habari ile ofisini kwanza. Andika ulichokiona kwa macho yako ukitenge na ulichosikia, na uandike saa uliyokijua, maana zile saa 24 zinahesabiwa tangu hapo.