Maswali ya jikoni: pesto pasipo rehani

Wiki hii wengi mmeuliza jambo moja kwa njia tofauti: mnataka spageti ya pesto, ile rojo ya Kiitaliano ya rehani iliyotwangwa na mafuta, na rehani mbichi haionekani.

Nimezunguka Marikiti mpaka Kongowea, rehani hakuna. Dukani nimepata kichupa cha rehani kavu. Kitafaa? (Msomaji, Tudor)

Peke yake, hapana. Jani kavu limeshapoteza harufu yake nyingi, na ukilisaga na mafuta litakukwaruza koo tu. Pesto inataka jani bichi, na pale Marikiti umepita kando ya mafungu ya kotmiri na nanaa bila kuyatazama. Chukua kotmiri mafungu mawili, majani pamoja na vikonyo vyembamba, na kiganja cha nanaa. Nanaa isizidi robo ya majani yote, la sivyo utakula dawa ya meno.

Anza na punje moja ya thomu na chumvi ya mawe kinuni mpaka ilainike. Tia korosho vijiko 4 vya kulia, zilizokaangwa kavu zikapoa. Zikiwa bado moto zitayababua majani. Halafu tia majani kidogo kidogo, mchi ukiuzungusha kwenye kuta za kinu, si kutwanga kwa nguvu. Mwisho jibini iliyokunwa, nusu kikombe, na mafuta ya zeituni kiasi hicho hicho. Angalia kinu kisiwe kile cha bizari, maana harufu ya bizari haitoki.

Kule Genoa, Italia, pesto ilikotoka, hutwanga rehani, thomu, kokwa za msonobari, na jibini mbili ngumu, Parmigiano na pecorino. Hii yetu si ile, na ukimkaribisha Mtaliano wa Malindi usimwambie ni ile. Lakini ni tamu. Kama kichupa umeshakinunua, kijiko kimoja cha chai kitie mapema, pamoja na thomu, kipate kulainika.

Nyanya yangu ana mrehani uani, ule wa kutilia kwenye kikuba cha kujipamba harusini. Si ndio huo huo? (Msomaji, Mji wa Kale)

Jamii ni moja, ila wa nyanya umepandwa kwa ajili ya harufu, si kwa ajili ya sahani. Tafuna jani moja kwanza. Likikupiga puani kama karafuu, changanya sehemu moja ya rehani na tatu za kotmiri au spinachi. Chuma majani ya juu, machanga, kabla mti haujatoa maua, kwa sababu ukishatoa maua majani huanza uchungu. Na umwombe mwenyewe. Kama kuna harusi karibu, usiuguse. Na kivumbasi, ndugu yake mrehani, usikitie; kiache kifukuze mbu.

Mume wangu anasema kotmiri inanuka sabuni. (Msomaji, Bamburi)

Hadeki. Wapo watu waliozaliwa na pua ya namna hiyo, na si rahisi kumbembeleza akaizoea. Mpikie ya spinachi: toa mshipa mnene wa katikati, tumbukiza majani kwenye maji yanayochemka kwa muda wa nusu dakika, yatie kwenye maji ya barafu, kisha uyakamue sana. Maji yakibaki, pesto itakuwa mchuzi. Spinachi haina harufu ya kujisifia, kwa hiyo kamulia ndimu.

Natumia blenda. Kwa nini pesto yangu huwa chungu, tena hubadilika nyeusi? (Msomaji, Likoni)

Uchungu mara nyingi hutoka kwenye mafuta ya zeituni yale safi ya kijani, yakipigwa kwa kasi. Saga majani na korosho kwa mafuta ya alizeti kidogo, kisha ya zeituni uyatie mwishoni kwa kijiko. Utaokoa na pesa. Weusi ni hewa na joto: bonyeza blenda kidogo kidogo, usiiache ikazunguka tu.

Je, ile jibini ya Parmigiano ni halali? (Msomaji, Majengo)

Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Hukumu yake kamuulize shekhe wako, mimi ni mpishi. Ukitaka kuepuka utata, soma lebo, utafute jibini ngumu iliyogandishwa kwa kimeng'enya cha mimea au cha vijidudu.

Nikitengeneza nyingi, itakaa muda gani? (Msomaji, Kisauni)

Kwenye friji, siku 3 au 4, juu umeifunika kwa mafuta. Usiiache mezani. Thomu mbichi ikizama kwenye mafuta hukosa hewa, na humo bakteria wa sumu ya botulini wanaweza kuzaliana bila kubadili harufu wala ladha. Joto letu ndilo wanalolipenda. Iliyozidi igandishe kwenye trei ya barafu, bila jibini, kisha vipande uvitie mfukoni. Stima ikipotea mpaka vikayeyuka na kupata joto, mwaga. Siku ya kula, kipande kimoja au viwili kwa sahani, jibini, na upawa wa maji uliyochemshia spageti. Usiirudishe motoni.