Orvieto: ukifika, lala

Mara ya kwanza nilikwenda Orvieto, mji mdogo wa Italia, na kurudi Roma siku hiyo hiyo, nikajuta. Treni ya kawaida inachukua saa moja na ushee, kwa hiyo mtu hudhani mji mdogo hivi ataumaliza kabla ya saa tisa mchana. Humalizi. (Na tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda. Mimi nilisahau, na faini ikala hela yangu ya chakula cha mchana na cha usiku.)

Stesheni iko bondeni. Mji wenyewe umekaa juu ya bonge la mwamba wa volkano, kingo zake zimekatika wima. Vuka barabara kisha panda funikulari, behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma. Usijitie ushujaa wa kupanda kwa miguu na begi.

Ukishuka, usikimbilie kanisa kuu. Anza na kisima cha San Patrizio, kiko hapo hapo. Papa Klementi VII alikimbilia mji huu baada ya Roma kuporwa mwaka 1527, akahofia kwamba ukizingirwa watu watakosa maji, akaamuru kichimbwe. Kina chake ni mita 53. Ngazi ni mbili, zimejiviringisha kisima kizima, kila moja ina vidato 248, na hazikutani: nyumbu (wa mizigo, si wale wa Serengeti) alishukia hii, akabebeshwa maji kwenye kidaraja cha chini, akapandia ile. Vidato vilikatwa kufuata kwato za nyumbu hao, vipana na vifupi, basi mguu wa binadamu haujui uende hatua moja au mbili. Chini kuna baridi hata Agosti, beba sweta. Kurudi juu nilisimama kila dirisha la tatu la ukuta wa kisima, nikijidai napiga picha.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1290, liache hadi jioni. Uso wake unatazama magharibi, na jua likishuka dhahabu ya mosaiki zake (picha za vipande vidogo vya rangi) inawaka. Saa hiyo watalii wa siku moja wameshaondoka, uwanja umebaki na wazee na watoto wenye mpira. Hicho ndicho nilichokikosa mara ya kwanza.

Kesho yake nenda Civita di Bagnoregio, kijiji cha juu ya kilima kinachomomonyoka, kinafikiwa kwa daraja la miguu tu na wakazi wake ni wa kuhesabu. Jumapili usitegemee basi. Mimi nilikwama, nikashinda Orvieto nikila umbrichelli, tambi nene za kusokotwa kwa mkono.