Picha ya mvua kwenye simu: soma saa kwanza, rangi baadaye

Januari ya mwaka juzi nilikuwa shambani Isongole, mkoani Mbeya, na vibarua tisa, tunapandishia viazi udongo. Asubuhi kulikuwa na jua kali, lile jua la masika linalochoma hata kama hewa ni ya baridi. Saa saba na dakika arobaini mchana nikafungua simu kuangalia picha ya mvua. Upande wa magharibi yetu kulikuwa na doa jekundu kubwa, na chini ya picha pameandikwa 10:20. Nikajiambia hiyo ni ya saa nne asubuhi, wingu hilo limeshamwagika zamani huko lilikokuwa. Nikawaambia watu tumalizie mistari minne iliyobaki.

Robo saa haikupita, radi ikapiga mti wa mlingoti uliokuwa ukingoni mwa shamba. Kijana aliyekuwa karibu na mti alianguka, miguu ikafa ganzi. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya wawili mpaka zahanati, na jioni akaweza kusimama mwenyewe. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu onyo nilikuwa nalo mkononi. Ile 10:20 ilikuwa saa ya kimataifa, ile inayoandikwa UTC, na sisi Tanzania tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa saa zetu picha ilikuwa ya saa saba na dakika ishirini mchana. Ilikuwa na umri wa dakika ishirini tu.

Tangu siku ile nimejifunza kuzisoma picha hizi kwa makini, nikauliza watu wanaojua, nikakosea tena mara kadhaa. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Mbeya, Rungwe, Makete na Njombe wanaofanya kazi chini ya anga wazi.

Picha ya namna hii inatakiwa kutoka kwenye rada, kwa hiyo kwanza tujue rada inafanya nini. Inarusha mawimbi ya redio kwa mapigo mafupi mafupi huku inazunguka. Yakigonga matone ya mvua au mawe ya barafu, sehemu ndogo ya mawimbi inarudi kama mwangwi. Muda uliotumika kurudi unaonyesha umbali, na nguvu ya mwangwi inaonyesha ukubwa na wingi wa matone. Nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa dBZ. Karibu na 20 ni manyunyu. Ikifika 40 ni mvua ya kweli, ya kukulowesha mpaka ndani. Ikipita 55, jiulize kama kuna mvua ya mawe, kwa sababu jiwe la barafu lenye maji juu yake linarudisha mwangwi mkali sana. Rada za siku hizi, zinazoitwa za Doppler, zinapima pia kama matone yanakuja kwenye rada au yanaondoka, na kwa kasi gani, ndipo wataalamu wanapopata habari za upepo ndani ya wingu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina rada kadhaa nchini, zikiwemo za Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara, Kigoma na hapa kwetu Mbeya. Kwangu mimi mkulima, faida yake kubwa ni kwamba mtaalamu anayeandika taarifa ya nyanda za juu kusini sasa anaweza kuona wingu likiwa bado njiani.

Sasa kuna jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Programu nyingi za simu zina kitufe kimeandikwa rada, lakini ukikibonyeza ukiwa huku kwetu, mara nyingi unachoonyeshwa hakitoki kwenye rada yoyote. Ni makadirio yanayotokana na setilaiti, au hesabu za kompyuta zilizopakwa rangi zikafanana na rada. Setilaiti inatazama kutoka juu, inaona kilele cha wingu na ubaridi wake, kisha inakisia mvua iliyo chini. Huwa inapatia kwa mawingu makubwa ya radi, ila inaweza kupaka rangi mahali ambapo tone halijaanguka, na inaweza kukosa mvua ya mawingu mafupi yanayong'ang'ania miteremko ya milima ya Uporoto. Fungua maelezo ya hiyo picha, soma chanzo chake. Kama ni setilaiti, itumie tu, lakini usiipe imani ambayo ungeipa rada. Na kama picha zinazosogea zinaendelea mpaka kesho au keshokutwa, jua sehemu hiyo ni utabiri. Rada inaonyesha kilichopo, haina picha ya kesho.

Ukishajua chanzo, tazama saa. Ongeza tatu kama imeandikwa UTC, kisha hesabu picha ina umri gani. Rada huhitaji dakika kadhaa kumaliza mzunguko wake, zinaongezeka nyingine za kutuma na kuchora, na mtandao wa huko milimani unaweza kukuletea picha ya zamani iliyobaki kwenye simu tangu ulipokuwa Uyole. Mimi hufunga programu kabisa nikaifungua upya. Saa ikiwa ileile na dakika thelathini zimepita, nahesabu kwamba sina picha.

Kisha linganisha picha mbili. Tafuta doa lilipokuwa nusu saa iliyopita na lilipo sasa. Kama lilikuwa juu ya Mbalizi na sasa linagusa Uyole, unaona mwenyewe linakoelekea na una muda gani. Usikariri kwamba mvua hutoka upande fulani. Mvua ya Januari inaweza kuingia kutoka magharibi, na upepo wenye unyevu wa misitu ya Kongo ndani yake. Ile ya Aprili inapanda kutoka Ziwa Nyasa, inajibana kwenye mlima Rungwe na safu ya Livingstone, na ndiyo sababu Tukuyu na Kyela hunyeshewa sana wakati sisi wa upande wa pili tunaona ukungu tu.

Kuna mawingu ambayo hesabu hiyo haiyawezi. Huku milimani jua likipasha mteremko tangu asubuhi, wingu linaweza kuzaliwa palepale ulipo. Saa sita ni pamba nyeupe, saa nane ni radi. Kwenye picha ya saa sita halikuwepo, kwa hiyo hakuna doa la kufuatilia. Wingu likianza kupanda juu kama koliflawa, kingo zake zikiwa kali na tumbo lake linageuka jeusi, yaamini macho yako. Simu itakuja kukubaliana na wewe baadaye.

Milima nayo inaizuia rada yenyewe. Mawimbi yanasafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ardhi inapinda chini yake, na mnara hautazami bondeni. Mwale uliopandishwa nusu digrii tu, ukifika kilomita 100 uko takriban kilomita moja na nusu juu ya usawa wa rada. Kilomita 200 uko kama kilomita 4. Mvua inayonyesha chini ya hapo inapita bila kuonekana. Na nyuma ya mlima kama Rungwe, wenye mita karibu 2,960, kunaweza kuwa na kivuli. Kwa hiyo ukiona picha safi, isiyo na rangi, usiseme mbingu ni safi. Ukungu wa Mlima Nyoka au Igawilo, unaowatesa madereva alfajiri, rada hii haiuoni kwa maana matone yake ni madogo mno. Na jalidi ya Juni na Julai kule Kitulo na Makete huanguka usiku usio na wingu hata moja.

Ndiyo maana kitu ninachokitegemea kuliko picha yoyote ni namba nne za simu. Dada yangu yuko Tukuyu. Shemeji yuko Mbalizi. Mama mmoja tunayeuziana viazi yuko upande wa Umalila, na kuna dereva wa gari la abiria la Kyela. Nikiona doa linakuja, napiga. "Dada, shikamoo, huko kukoje?" Akisema, "Marahaba, huku kumefunga, mabati yanalia, hatusikilizani," sihitaji kuuliza rangi. Nami huwapigia wao nikiwa upande wa juu wa mvua, hasa watu wa Kyela, kwa sababu maji yanayonyesha kwetu milimani huwafikia wao kupitia mito kama Kiwira wakati kwao jua linawaka. Anayekaa bondeni asiangalie rangi iliyo juu ya nyumba yake peke yake. Aangalie vyanzo vya mto wake.

Maporomoko ya udongo nayo yana hesabu yake. Aprili 2024 tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetire na kufunika nyumba za Itezi jijini Mbeya, wengi tulijifunza kwamba mlima unabeba mvua ya siku nyingi kabla ya kuachia. Picha ya nusu saa haikuonyeshi udongo umeshiba kiasi gani. Mimi naweka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, kila asubuhi napima kwa rula, naandika kwenye daftari, namwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. TMA huhesabu mvua kubwa kuwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, lakini ukiwa na wiki nzima ya 20, 30, 20, mteremko uliokatwa kwa ajili ya kujenga unaweza kuwa hatarini bila siku hata moja iliyovunja rekodi. Ukiona ufa mpya ardhini, miti imeanza kuinama, au chemchemi ya zamani imeanza kutoa maji ya tope, hamisha watoto kabla hujaendelea kusoma simu.

Taarifa ya TMA naiangalia jioni, nikipanga vibarua wa kesho. Wana viwango vitatu vya kuonya: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Siku ya njano nafanya kazi, ila tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa sita. Sipigi dawa ya ugonjwa wa ukungu wa viazi siku hiyo kama wingu linaweza kufika kabla dawa haijakauka kwenye jani, maana nitakuwa nimeinywesha mitaro. Siku ya chungwa nawaambia wabaki nyumbani.

Kuhusu radi, rada ya mvua haiioni radi yenyewe, na radi inaweza kupiga kilomita kumi au zaidi kutoka mahali inaponyesha. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa tatu, umepata kilomita. Kusema kweli, siku hizi sihesabu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, majembe yanawekwa chini, na hatushiki kazi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha nyasi na turubai havisaidii, na chini ya mlingoti ndiko kubaya kabisa. Panapofaa ni nyumba iliyokamilika au gari lenye bodi ya bati na vioo vilivyofungwa.

Kwa hiyo siku za masika nakodi Noah iwalete vibarua na isubiri pale barabarani mpaka tumalize. Dereva ananidai elfu kumi zaidi kwa kusubiri. Nalipa.