Usinakili kanji kutoka kwenye skrini ya simu

Msomaji mmoja ametutumia picha ya daftari lake: ukurasa mzima wa き, herufi ya hiragana (herufi za sauti za Kijapani), na katika kila moja mkia wa chini umeungana na ule mstari wa mshazari. Mwandiko msafi, bidii ipo, lakini alichonakili ni herufi za chapa, si za mkono. Shule za Japani zinafundisha き ya mistari minne, mkia ukikaa peke yake. さ vilevile, mistari mitatu.

Basi badilisha fonti kabla hujanunua daftari jingine. Tafuta kyokashotai, fonti ya vitabu vya kiada, iliyochorwa kufuata mkono. Kwenye Windows 10 au 11, ongeza Kijapani pamoja na fonti zake za ziada. Humo mna UD Digi Kyokasho. Andika 令, mojawapo ya kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina), ujionee: sehemu ya chini inageuka kuwa kama マ, tofauti kabisa na ya gazetini.

Na ikiwa 直 yako haina ile kona ya chini kushoto, simu inakuonyesha umbo la Kichina. Yunikodi, mfumo wa misimbo ya herufi kwenye kompyuta na simu, imeyapa maumbo yote mawili msimbo mmoja, fonti ndiyo inayoamua. Weka Kijapani juu ya Kichina kwenye orodha ya lugha za simu.

Walimu wa mtandaoni wanaokata alama kwa sababu ya kijindoano chini ya 木 wanawaonea watu. Mwongozo wa Idara ya Utamaduni ya Japani wa 2016 unakubali kiwepo au kisiwepo. Urefu wa mistari ndio usiochezewa: 土 ni udongo, 士 ni shujaa, 未 ni bado, 末 ni mwisho. Hapo milimita mbili zinabadilisha neno.

Mpangilio wa mistari nao una mitego. 左 huanza na mstari wa mlalo, 右 huanza na ule unaoteremka kushoto. Hata hivyo, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 1958 wenyewe ulisema mpangilio mwingine si lazima uwe kosa.

Anza na kanji 80 za darasa la kwanza, kisha 160 za darasa la pili. Kitabu kinachosema shule ya msingi ina kanji 1006 ni cha kabla ya 2020; sasa ni 1026. Zile 20 zilizoongezwa, kama 阪 ya Osaka na 岡 ya Fukuoka, ni za majina ya mikoa, na zimewekwa darasa la nne.